Mabawa ya oveni yanatoka meupe na chipsi za viazi vitamu zinalainika, nakosea wapi?

Swali: Asalaam alaykum anti. Mie niko Wete, Pemba, tumepata jiko la gesi lenye oveni ya umeme chini. Mume wangu ana presha, daktari kamwambia apunguze vya kukaanga, basi nikasema ntampikia yeye na watoto wanne mabawa ya kuku ya oveni na chipsi za viazi vitamu chakula cha usiku. Nimejaribu mara tatu. Mabawa yanatoka meupe, ngozi inavutika kama mpira na treya imejaa maji. Chipsi ncha zinaungua, katikati laini kama viazi vya kuchemsha. Watoto wameishia kula mkate. Mabawa nayaroweka usiku kucha kwa ndimu, thomu (kitunguu saumu) na mtindi, halafu natia vyote treya moja, moto 180, saa nzima. Nakosea wapi? Na foili upande gani unakaa juu, ule unaong'ara au mwengine?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, jiko lako zima na mkono wako mzima, kilichokushinda ni maji. Umeandika mwenyewe kuwa treya imejaa maji na niliposoma hapo tu nikajua. Maji yakichemka yanasimama nyuzi 100 hayapandi tena, na ile rangi ya kahawia na harufu ya kuchoma tunayoitaka inaanza kuja vizuri kwenye nyuzi 140 huko. Kwa hivo ngozi ikiwa bado imerowa, oveni yako inafanya kazi ya kukausha tu, saa nzima inakausha, na unachotoa mwisho ni kuku wa mvuke. Kwenye mafuta ya moto hulioni tatizo hili kwa sababu mafuta yanakigusa chakula kila upande, hata ukitumbukiza kitu kimerowa kinatoa mapovu, kinapiga kelele, halafu kinakauka. Hewa ya oveni haina nguvu hizo. Lazima wewe uisaidie kabla, kwa kukausha chakula.

Usiione oveni kitu kigeni. Wewe umekulia na kupalia, mkate wa kumimina unautia makaa juu na chini, na unajua makaa ya juu yakiwa haba mkate unabaki mweupe usoni hata kama chini umeshaiva. Oveni ni hayo hayo, moto juu moto chini, ila makaa yake huyaoni.

Tuanze na mabawa. Kama unanunua ya friza basi yayeyushe ndani ya friji tokea usiku wa jana, usiyaache juu ya meza na joto letu hili. Mie sipendi kuku aoshwe chini ya bomba linalomwaga kwa nguvu, mana yale maji yanaruka na vijidudu vyake mpaka kwenye vyombo na kwenye saladi, moto ndo unaoua vijidudu, maji hayaui kitu. Lakini najua kwetu kuku asiyeoshwa hapikwi, basi mwoshe bakulini taratibu, mwaga, halafu usafishe sinki kwa sabuni. Kisha kila bawa likate kwenye viungo vyake, ukibonyeza kwa kidole utahisi pale mfupa unapoachana, kisu kinapita pale bila kulazimisha. Unapata kile kipande kama paja dogo, na kile bapa chenye mifupa miwili, na ncha. Ncha usizitupe, zitie mfuko ukagandishe, zikifika nyingi zinatoa supu nzuri sana kwa sababu pale ni ngozi na gegedu tupu.

Kwa watu sita kilo moja na nusu inatosha, mana kilo moja ya mabawa mazima ni kama kumi mpaka kumi na mbili hivi, ukikata unapata vipande ishirini au zaidi bila ncha. Kuku wa kienyeji mwache kwa mchuzi, bawa lake gumu na halina mafuta chini ya ngozi, kwa pishi hili litakusumbua bure.

Sasa sikiliza hapa mana hapa ndo penyewe. Yapanguse mabawa kwa taulo la jikoni au karatasi, kipande kimoja kimoja, mpaka kwenye mikunjo, upanguse mpaka ukishika ngozi isikuteleze mkononi, iwe inakamata kidogo kama inanata. Ikiwa bado inateleza bado. Wengi wanapangusa mara moja wanaona tosha, mie napangusa, nayaacha dakika kumi, yanatoa maji mengine, napangusa tena.

Halafu chukua beking pauda, vijiko vitatu vya chai kwa kilo moja na nusu, yaani viwili kwa kila kilo, changanya na chumvi na viungo vikavu, nyunyiza juu ya mabawa na uyageuze kwa mkono mpaka kila kipande kipate vumbi jepesi. Nasema beking pauda, sio hamira, na wala sio magadi soda, mana magadi ni makali utapata ladha kama ya sabuni na watoto hawatagusa. Kazi yake ni hivi, inapunguza uchachu wa ngozi, na ngozi isiyo na uchachu inakamata rangi ya kahawia upesi, halafu inatoa vipovu vidogo vidogo ambavyo vinaifanya ngozi iwe na vipele vipele na vile vipele ndo vinavyolia mdomoni.

Na hapa utaona kwa nini ile ndimu na mtindi vilikuangusha. Kwa kuku wa kuchoma kwenye mkaa sina neno, tena vitamu sana, moto wa mkaa uko karibu na unakausha. Lakini kwa mabawa ya oveni umeongeza maji juu ya maji, na ule uchachu wa ndimu unapigana na beking pauda yako. Ndimu weka mezani, mtu akamue mwenyewe akishapakua, na wallahi ladha yake inakuwa mpya kuliko ile iliyolala usiku kucha ikapikwa.

Viungo navotumia mie ni pilipili manga kijiko cha chai, uzile (bizari nyembamba) nilioukaanga mkavu kidogo nikausaga, thomu ya unga, manjano robo kijiko kwa rangi, na karafuu, na wewe uko Pemba unayo ya kwako ilokauka vizuri, lakini kwa kilo moja na nusu punje tatu tu zisage, ukizidisha hapo hutosikia kiungo chengine chochote. Thomu mbichi ilotwangwa usipake, ina maji na inaungua inakuwa chungu, hiyo iweke kwa ajili ya sosi.

Ukishapaka, yapange mabawa juu ya wavu wa oveni wenyewe, chini yake weka treya ulioitandika foili, yasigusane, kila moja lipate nafasi ya hewa kupita chini na pembeni. Kama una nafasi kwenye friji yatie hivo hivo bila kufunika tokea asubuhi mpaka jioni, au tokea usiku. Friji inakausha, wewe umeona nyama ikiachwa wazi inavokuwa na ngozi kavu juu, kwa kawaida tunasema imeharibika sura lakini leo ndo tunachokitaka. Yaweke rafu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee vyakula vyengine. Kama huna muda usivunjike moyo, nusu saa tu kwenye friji inasaidia.

Moto wako wa 180 mdogo. Weka 220, na kama oveni yako ina feni weka 200. Iwashe dakika ishirini kabla, usitie chakula kwenye oveni inayopasha, na najua mtu anahesabu yuniti za Tukuza, ule umeme wetu wa kulipia kabla, lakini ukitia kwenye oveni baridi utaongeza dakika mwisho na chakula kibovu juu yake. Na usiuamini sana ule mviringo wenye namba, oveni nyingi za majumbani zinadanganya. Ipime hivi: tia sukari kijiko kimoja cha chai kwenye kipande cha foili, weka oveni ilopata moto ukiwa umeipanga 190, ngoja dakika kumi na tano. Sukari inayeyuka kwenye nyuzi 186 hivi, kwa hivo ikiyeyuka oveni yako iko sawa au juu yake kidogo, ikibaki nyeupe kama ulivoiweka jua namba inasema uongo na wewe panda nyuzi ishirini zaidi kila unapopika. Rudia ukiwa umepanga 175, hapo haitakiwi kuyeyuka, ikiyeyuka basi inapitiliza na lazima ushuke. Oveni ya kwanza nilokuwa nayo ilikuwa inapungua hivo hivo, nilikuwa nalaumu mapishi mwaka mzima mpaka nilipofanya kipimo hiki.

Mabawa yanakaa dakika arubaini na tano mpaka hamsini. Yakifika dakika ishirini na tano fungua mlango, rudi nyuma kidogo mana ule mvuke unakuja wote usoni, na uuache utoke, halafu yageuze na ufunge. Usiwe unafungua kila dakika tano kuchungulia. Yakikaribia utasikia mafuta yanachirizika kwenye treya kwa sauti ya juu kidogo, hiyo ni dalili kuwa maji yameisha. Likamate moja kwa koleo uligonge na jengine, bawa lilokauka linagonga, bawa lililorowa halitoi sauti.

Na usiogope kuwa yanapitiliza. Kuku kwa usalama anaiva nyuzi 74 ndani, lakini bawa lina gegedu na mishipa mingi, likifika 85 au 90 ndo vile vitu vinalainika na nyama inaachia mfupa. Kidari ukikipeleka huko kinakuwa kikavu kama pamba, bawa halikauki ndani kwa sababu ya hayo hayo mafuta na gegedu. Kama huna kipima joto shika vile vifupa viwili vya kile kipande bapa uvizungushe, kikizunguka na kutaka kutoka chenyewe limeiva.

Haya, viazi. Mwanangu, chipsi za viazi vitamu ziondoe kwenye akili yako kuwa ni chipsi za mbatata zenye sukari. Sio ndugu hata. Mbatata ni ukoo mmoja na tungule na biringani, kiazi kitamu ni kile ambacho majani yake tunayala matembele. Mbatata ina wanga mwingi mkavu, kiazi kitamu kina sukari nyingi zaidi, na zaidi ya hapo kina kitu ndani yake ambacho kikipashwa taratibu, pale kati ya nyuzi 60 na 75 hivi, kinageuza wanga kuwa sukari. Ndo mana kiazi cha kuchoma kwenye majivu taratibu kinakuwa kama asali. Sasa wewe kwenye 180, na treya imejaa maji ya kuku, umekipasha taratibu sana, wanga ambao ungekaza umegeuka sukari, katikati ikalainika na ile sukari ikaungua kwenye ncha. Umepata yote mawili mabaya kwa pamoja na sababu ni moja.

Kwenye kuchagua, kama sokoni unapata vile vya ganda jekundu ndani vyeupe au rangi ya krimu, chukua hivo, ni vikavu zaidi na vinashika. Viazi lishe vile vya rangi ya chungwa vina vitamini A nyingi na watoto wanavihitaji, lakini vina maji, chipsi zake zitakuwa kavu nje na laini ndani na sio zaidi ya hapo, usijilaumu. Mie mara nyingi nachanganya. Angalia visiwe na vitundu vya vidudu, mana kiazi kilichoingiwa na fukusi kinakuwa kichungu hata pale pembeni ambapo mdudu hajafika, kukata kile kipande kibovu hakusaidii. Na visiwekwe friji vibichi, vinakuwa na kiini kigumu kisichoiva, viweke kapuni penye kivuli.

Robo tatu ya kilo kwa treya moja, ukizidisha hapo tumia treya mbili. Menya, kata vipande unene wa kidole chako cha mwisho, vyote sawasawa, hili nalisisitiza kwa sababu kipande chembamba kitakuwa mkaa wakati kinene bado. Roweka kwenye maji baridi nusu saa mpaka saa nzima, maji yataingia ukungu mweupe, ule ni wanga wa juu unaofanya vishikane. Mwaga, suuza, halafu vipanguse kama ulivopangusa mabawa, vitandaze juu ya taulo safi, vifunike kwa taulo jengine, vibonyeze, viache dakika kumi.

Tia kwenye bakuli, nyunyiza konflawa kijiko kimoja cha kulia kilichojaa, ile nyeupe nyororo kama poda, ukiwa huna unga wa mchele ulosagwa laini wa vitumbua unafanya kazi ile ile na tena mie ndo naoupenda. Tikisa mpaka kila kipande kiwe na vumbi tu. Ndo utie mafuta, vijiko viwili vya kulia, ugeuze mpaka usione unga mweupe popote, mana pale penye unga mkavu patabaki na ladha ya unga mbichi. Chumvi usitie. Chumvi inavuta maji nje, inatiwa vikishatoka oveni vikiwa moto. Sukari, asali, na hata poda za viungo zenye sukari ndani pia usitie, vina sukari yao ya kutosha.

Vitandaze kwenye treya safu moja, visigusane, 220 ile ile, dakika ishirini na tano mpaka thalathini, geuza mara moja vikifika kati. Vikianza kuwa na madoa ya kahawia pembeni zima oveni, weka mwiko kwenye mlango ubaki wazi kidogo, viache humo dakika tano. Hizo dakika tano ndo zinazokausha, watu wengi wanaziruka.

Sasa hili la treya moja. Usitie pamoja kabisa, sio treya moja na kwa oveni ndogo hata sio wakati mmoja, mabawa yanatoa maji na mafuta, viazi vinayanywa. Tangulia na mabawa. Mabawa yanasubiri bila kuharibika, chipsi hazisubiri, zikikaa robo saa zimelainika. Kwa hivo mie mpango wangu wa jioni ni huu, baada ya alasiri nimeshaosha, nimekata, nimepaka, viazi nimeroweka. Oveni naiwasha kabla sijasali magharibi, mabawa yanaingia saa 12 na nusu, saa 1 na robo yametoka, nayaacha juu ya wavu wake, chipsi zinaingia. Karibu na saa 2 kasorobo, wakati wanaume wanarudi kutoka kusali isha, chipsi zinakaa zile dakika zake tano na mlango wazi, natoa, nafunga mlango, naupandisha moto tena na mabawa yanarudi kupasha dakika tano. Wakikaa kwenye mkeka vyote viko moto.

Sosi ni yako, mie natengeneza ya ukwaju, ukwaju mzito nusu kikombe, asali vijiko viwili, thomu mbichi ilotwangwa, pilipili mbuzi nusu, unachemsha mpaka ukichovya kijiko inabaki imekishika nyuma. Inamiminwa mwisho, mabawa yakiwa bakulini, unageuza na kupeleka mezani hapo hapo, ukiipaka mapema asali inaungua na ngozi inarowa. Hata wenye asili ya pishi hili ndo wanavofanya, mabawa ya sosi yanasimuliwa kuanzia kwenye baa moja katika mji wa Buffalo, New York, mwaka 1964, yao yalikaangwa na sosi ilikuwa ya pilipili na siagi, na walimimina baada ya kuiva. Kwa watoto weka sosi pembeni kwenye kibakuli wachovye.

Kuhusu mzee wa nyumba, hili nakwambia kwa sababu umetaja presha. Oveni imekuondolea mafuta ya kukaangia, lakini bawa lenye ngozi lina mafuta yake, na ingawa mengi utayaona yamechirizika kwenye treya mengine yamebaki. Na beking pauda yenyewe ina sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi, kwa hivo kwenye kilo moja na nusu tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu, usizidishe, na yeye mtengee vipande ambavyo havikupakwa chumvi kabisa, ukwaju na ndimu vitamtosha, hatoona imepungua. Vipande vyake vinne, kachumbari nyingi bila chumvi, chipsi kiasi, na isiwe kila siku.

Umeme ukikatika katikati, na unakatika, usifungue mlango. Joto linabaki muda na ukirudi haraka unaendelea ulipoachia. Usiporudi ndani ya robo saa washa mkaa umalizie mabawa juu ya jiko la mkaa, yatakuwa matamu tu, na chipsi zimalizie kwenye kikaango ulichokipaka mafuta kidogo.

Foili haina tofauti, upande unaong'ara na ule mwengine ni sawa, ni namna inavopita kiwandani tu. Itandike ipande mpaka kingo za treya ili mafuta yasipite chini, na usiitandike juu ya wavu, mana ukiufunika wavu hewa haipiti na utarudi pale pale kwenye treya ya maji.